Saratani ya Kongosho si Moja: Vipokezi vya Homoni na Swali la Mfuko wa Wagonjwa



Katika kikao cha pamoja cha kamati za sharika na ofisi ya miradi kilichopita, mzee mmoja wa kanisa alisimama na kuuliza swali ambalo, tuligundua baadaye, wengi walikuwa nalo moyoni. Mkononi alishika taarifa ya mapato na matumizi ya Mfuko wa Wagonjwa, na kidole chake kilikuwa kwenye mstari mmoja: kipimo cha vipokezi, mgonjwa wa kongosho. Akasema, "Sisi tunachangisha mahindi na kuku kwenye mnada wa mavuno. Kila mtu anajua saratani ya kongosho haiponi. Kwa nini fedha imekwenda maabara badala ya kununua dawa, au basi kuisaidia familia imuuguze mtu wao kwa amani?"

Siku hiyo tulijibu kwa haraka, na tunakiri kwamba tulijibu vibaya. Tulisema ni agizo la daktari, tukaendelea na ajenda. Mzee wetu aliketi lakini hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika. Baada ya kikao, wahisani wawili nao waliandika kuuliza jambo hilo hilo kwa maneno ya upole zaidi. Makala hii ndiyo jibu tulilopaswa kutoa siku ile. Sisi si madaktari. Tumesoma, tumewauliza wanaojua, na tumejitahidi kuandika yale tu ambayo tumejiridhisha nayo. Mgonjwa mwenyewe ameridhia habari zake zitumike bila jina.

Kiungo kimoja, kazi mbili

Kongosho ni kiungo kirefu na laini kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Wachinjaji wa ng'ombe wanakijua, ingawa wengi hawakipi jina. Kina kazi mbili tofauti kabisa. Sehemu kubwa hutengeneza maji ya kusaga chakula, ambayo hupita kwenye mirija hadi utumbo mdogo. Lakini ndani yake kuna visiwa vidogo vya seli za aina nyingine, ambazo humwaga homoni moja kwa moja kwenye damu. Inayojulikana zaidi ni insulini, ile ambayo wagonjwa wetu wa kisukari hujichoma.

Kazi mbili, na saratani za aina mbili. Saratani inayoanzia kwenye mirija ndiyo ya kawaida, takribani 9 kati ya kila 10, na ndiyo iliyolipa kongosho jina baya. Haileti dalili mapema. Mgonjwa hufika hospitali macho yakiwa ya njano, amekonda, maumivu yakipenya hadi mgongoni, na kwa wengi muda wa upasuaji umekwisha kupita. Hata Marekani, yenye mashine zote, ni takribani wagonjwa 13 tu kati ya 100 wa saratani ya kongosho kwa ujumla wanaokuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa.

Saratani inayoanzia kwenye visiwa vya homoni huitwa ya nyuroendokrini. Hiyo ni ndugu wa mbali. Nyingine hukua taratibu kwa miaka mingi, nyingine huenda kasi. Nyingine hutoa homoni kupita kiasi: uvimbe unaotoa insulini hushusha sukari ya damu, mgonjwa akaanguka na kutetemeka alfajiri kabla hajala, na watu wakadhani ni kifafa. Kwenye ultrasaundi ya ini, ugonjwa ukishasambaa, aina hizi mbili zinaweza kufanana kabisa. Daktari anaona madoa. Madoa hayamwambii ni ya nani.

Wengi mtamkumbuka Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Apple. Mwaka 2005, mbele ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza jinsi alivyoambiwa ana uvimbe kwenye kongosho na kwamba asitarajie kuishi zaidi ya miezi mitatu hadi sita. Jioni ya siku hiyo hiyo alitolewa kinyama, na darubini ikaonyesha ni ile aina ya pili. Aligunduliwa mwaka 2003, akafanyiwa upasuaji mwaka 2004 baada ya kuuchelewesha kwa miezi kadhaa kwa hiari yake, na alifariki mwaka 2011. Miaka minane. Hatusemi kwamba kila mtu atapata miaka minane, wala kwamba watu wetu wana fedha za bwana yule. Tunasema tu kwamba hukumu ya asubuhi ilibadilika jioni kwa sababu ya kipande kidogo cha nyama.

Redio iliyofunguliwa kwenye mawimbi yake

Sasa tuje kwenye neno lililomkwaza mzee wetu: kipokezi.

Homoni ni kama tangazo la redio. Linapita juu ya nyumba zote za kijiji, lakini linasikika tu kwenye nyumba yenye redio iliyofunguliwa kwenye mawimbi hayo. Redio hiyo ndani ya seli ndiyo kipokezi. Estrojeni, homoni ya kike, huzunguka mwili mzima pamoja na damu, lakini matiti na mji wa mimba ndivyo hasa vinavyoisikia. Seli inapogeuka kuwa saratani, wakati mwingine hubaki na redio yake na kuendelea kufuata matangazo, na wakati mwingine huitupa na kufanya inavyotaka.

Jambo hili lilianza kuonekana kabla hata watu hawajajua neno lenyewe. Mwaka 1896 daktari wa Glasgow, George Beatson, alichapisha habari za wanawake wenye saratani ya titi iliyokwisha kusambaa ambao aliwatoa vifuko vya mayai. Kwa baadhi ya wagonjwa wa upasuaji wa namna hiyo uvimbe ulinywea, kwa wengine haukusikia lolote, na kwa zaidi ya miaka hamsini hakuna aliyeweza kusema mapema ni nani atafaidika. Elwood Jensen na wenzake huko Chicago, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ndio walioonyesha kwamba estrojeni hushikwa na kipokezi maalumu, na kwamba uvimbe usio na kipokezi hicho haupungui hata mwanamke akitolewa vifuko vyote viwili. Fikirini wanawake wangapi walikatwa bure kabla ya hapo.

Leo saratani ya titi yenye kipokezi cha estrojeni hutibiwa kwa vidonge vya tamoksifeni, ambavyo huziba masikio ya seli isisikie. Dawa hii ni ya bei nafuu na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Matokeo ya majaribio mengi yaliyojumlishwa na kuchapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba mwanamke mwenye saratani ya aina hiyo akiitumia kwa miaka mitano, hatari ya kufa kwa saratani ya titi hupungua kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Asiye na kipokezi hapati faida hiyo. Anapata madhara tu.

Tuliona tuanze na titi kwa sababu sharika zetu zinalifahamu. Akina mama wengi wamekwisha kusikia "homoni chanya" na "homoni hasi". Lakini hapo ndipo palipozaliwa kosa ambalo lazima tulisimulie.

Vidonge vya dada kwa kaka

Katika usharika mmoja, familia ilikuwa na binti aliyekuwa akitumia tamoksifeni kwa ugonjwa wa titi, na akawa anaendelea vizuri. Kaka yake mkubwa akapatikana na saratani ya kongosho, ile ya mirija. Mtu mmoja mwenye nia njema akasoma mahali kwamba vipokezi vya homoni vimeonekana pia kwenye kongosho. Wakafikiri: kama dawa imemsaidia dada, kwa nini isimsaidie kaka? Dada akaanza kugawana vidonge vyake. Kamati ya usharika ilitoa fedha za kuongezea, na ofisi yetu ilizipitisha kwa saini bila kuuliza dawa ni ya nini. Kosa hilo ni letu.

Baada ya wiki chache mguu mmoja wa mgonjwa ulivimba na kuuma. Ilikuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Daktari alitueleza kwamba saratani ya kongosho yenyewe hugandisha damu. Armand Trousseau wa Paris alilieleza jambo la saratani na kuganda kwa damu tangu miaka ya 1860. Lakini tamoksifeni nayo huongeza hatari hiyo hiyo. Hakuna aliyeweza kusema ni ipi iliyosababisha. Mgonjwa alifariki kama madaktari walivyokuwa wametazamia, ila siku zake za mwisho zilikuwa na maumivu ya ziada, na dada yake kwa wakati huo alikuwa akimeza nusu ya dawa iliyokuwa ikimlinda yeye.

Ni kweli kwamba watafiti walikwisha kufikiria kama ile familia. Katika miaka ya 1980 dalili za vipokezi vya estrojeni ziliripotiwa kwenye nyama ya kongosho, na madaktari wakajaribu tamoksifeni. Jaribio la Norway, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1990, liliwahusisha wagonjwa wa kongosho na pia wa saratani ya mdomo wa mrija wa nyongo, pale inapomwaga kwenye utumbo. Baadhi walipewa tamoksifeni na wengine vidonge visivyo na dawa. Kwa jumla walioimeza hawakuishi muda mrefu zaidi ya wenzao. Redio ilionekana kuwepo ndani ya nyumba, lakini wenyeji hawakuwa wakifuata tangazo.

Hapa ndipo tunapoomba kila mjumbe wa kamati asome polepole. Kipokezi kinaweza kuulizwa maswali mawili. La kwanza: ugonjwa huu utakwendaje, taratibu au kwa kasi? La pili: je, dawa fulani itaugusa? Hayo si swali moja. Kwenye titi, kipokezi cha estrojeni hujibu yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana tumezoea kuyachanganya. Kwenye viungo vingine kinaweza kujibu la kwanza na kunyamaza kwa la pili, au kunyamaza kwa yote mawili. Katika saratani ya mirija ya kongosho, vipokezi vya estrojeni na projesteroni havimsaidii daktari kuchagua dawa. Ukiletewa ombi la fedha za vidonge hivyo kwa mgonjwa wa namna hiyo, usilipitishe.

Pale kipokezi kinaposema kitu

Kwenye aina ya pili, ya nyuroendokrini, habari ni tofauti. Seli za visiwa vya kongosho, hata kwa mtu mzima wa afya, mwanamume kwa mwanamke, huwa na kipokezi cha projesteroni. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa patholojia wamekuwa wakiona kwamba uvimbe uliobaki na kipokezi hicho kwa kawaida huwa mpole zaidi, na ule uliokipoteza huwa mkubwa, hupenya nje ya kongosho, na hurudi mapema zaidi baada ya upasuaji. Ni kama kijana aliyeacha kusalimia wazee: si kosa kubwa lenyewe, lakini linakuambia kitu kuhusu njia aliyoshika.

Kipimo hiki hakisimami peke yake. Kinachopewa uzito wa kwanza ni hesabu ya seli zinazojigawa, ambayo maabara huiandika Ki-67. Chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza, kuanzia 3 hadi 20 ni la pili, zaidi ya hapo ni la tatu. Kipokezi cha projesteroni ni shahidi wa pembeni. Anaongeza uzito, hatoi hukumu.

Shahidi mwenye nguvu zaidi ni kipokezi cha homoni nyingine iitwayo somatostatini. Hii iligunduliwa mwaka 1973 katika maabara ya Roger Guillemin huko California, naye akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa kazi yake ya homoni za ubongo. Somatostatini ni homoni ya kutuliza: huziambia tezi nyingine zipunguze kumwaga. Saratani nyingi za nyuroendokrini ambazo seli zake bado zinafanana na seli za kawaida huwa na vipokezi vyake kwa wingi, hasa kile kinachopewa namba 2. Wagonjwa wenye vipokezi hivyo kwa jumla huishi muda mrefu zaidi kuliko wasio navyo. Na hapa swali la pili nalo linajibiwa, kwa sababu dawa ipo.

Somatostatini yenyewe huyeyuka kwenye damu ndani ya dakika chache, haiwezi kuwa dawa. Kwa hiyo wakemia walitengeneza mifano yake inayodumu: oktreotidi, kisha lanreotidi, ambazo siku hizi huchomwa sindano mara moja kwa takribani wiki nne. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi kadhaa kwa wagonjwa 204 wenye saratani za namna hiyo za kongosho na utumbo. Baada ya miezi 24, wale ambao ugonjwa wao ulikuwa haujasogea walikuwa asilimia 65 kwa waliochomwa lanreotidi, na asilimia 33 kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa. Sindano hiyo haiondoi saratani. Huizuia isitembee, na kwa baba mwenye watoto shuleni hilo si jambo dogo.

Kuna hatua nyingine zaidi, ambapo dawa ya kushika kipokezi hufungwa pamoja na madini yenye mionzi yaitwayo luteti, ikasafiri hadi kwenye kila seli yenye kipokezi na kuichoma kutoka ndani. Ulaya iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Tunaitaja kwa sababu wahisani wawili wameiuliza. Mfuko wetu hauwezi kuibeba, na hatutaki mtu auze shamba kwa kuisikia humu.

Onyo moja tulilopewa, tunalipitisha kama lilivyo: ule uvimbe unaotoa insulini mara nyingi hauna kipokezi namba 2 cha kutosha, na sindano ya oktreotidi inaweza kumshushia mgonjwa wake sukari zaidi. Kwa hiyo hata ndani ya aina hii moja, mtu asichomwe kwa kuwa jirani yake alichomwa.

Binti aliyeandaliwa mazishi

Kuna uvimbe wa tatu ambao lazima tuutaje, ingawa ni nadra, kwa sababu umetugusa. Mwaka 1959 mtaalamu wa patholojia wa Marekani, Virginia Frantz, alieleza uvimbe wa kongosho unaowapata zaidi wanawake vijana. Seli zake kwa kawaida zimejaa kipokezi cha projesteroni. Mtu angefikiri basi dawa za homoni ndizo tiba yake, lakini sivyo. Tiba ni kisu, na wengi mno wanaofanyiwa upasuaji hupona, zaidi ya tisa katika kumi. Hapa kipokezi kinafanya kazi ya tatu: kinasaidia kutoa jina. Hata hivyo peke yake hakitoshi, maana ule wa nyuroendokrini nao waweza kuwa nacho, kwa hiyo maabara huongeza rangi nyingine, mojawapo ya protini iitwayo beta-katenini, ambayo katika uvimbe huu huonekana ndani ya kiini cha seli, mahali isipostahili kuwa.

Binti wa miaka ishirini na kidogo kutoka moja ya sharika zetu alikuwa na uvimbe mkubwa kama embe. Neno "kongosho" lilipofika kijijini, watu waliacha kuuliza maswali. Turubai liliombwa kwa majirani. Mama yake alianza kugawa nguo zake. Ilichukua karibu miezi miwili kabla ya mtu kulipia nauli na kipimo, si kwa kukosa fedha kabisa, bali kwa sababu hakuna aliyeona maana ya kupima maiti. Majibu yalikuwa ya uvimbe ule wa Frantz. Alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya rufaa, na sasa anauza mitumba sokoni. Nguo zake alizirudishiwa, isipokuwa koti moja ambalo hadi leo linazua maneno kati ya shangazi wawili.

Chupa, saa na fomalini

Jambo la mwisho ni la vitendo, na hapa kamati za sharika mna nafasi kuliko madaktari. Kipokezi ni protini, na protini huoza kama nyama yoyote. Kinyama kikikaa saa nyingi bila dawa ya kukihifadhi, seli bado zitaonekana kwenye darubini lakini vipokezi vitakuwa vimepotea, na maabara itaandika "hasi" kwa haki kabisa. Kwa saratani ya titi, mwongozo uliotolewa mwaka 2010 na wataalamu wa Marekani unataka kinyama kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini, na kikae humo kwa saa 6 hadi 72. Si kwenye maji ya chumvi, si kwenye spiriti, wala si kwenye chupa ndogo ambamo nyama imebanana bila maji.

Tumeona hayo yote. Kuna kinyama cha titi kilichofika kikiwa ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, siku ya tatu, kwa basi lililokuwa limeharibika njiani. Majibu yalikuja hasi. Mwanamke yule hakupewa tamoksifeni. Hatutajua kamwe kama alistahili kuipata. Watafiti waliokusanya tafiti za Afrika wamekwisha kuonyesha jambo hili kwa upana: pale sampuli zilipochukuliwa na kutunzwa kwa utaratibu maalumu wa utafiti, saratani za titi zenye kipokezi zilionekana kuwa nyingi zaidi kuliko pale zilipotolewa kabatini baada ya muda mrefu. Baadhi ya yale yaliyosemwa kuhusu wanawake wa Kiafrika yalikuwa habari za chupa zao.

Kwa sababu hiyo, kuanzia robo hii Mfuko unalipia chupa pana zenye fomalini kwa zahanati na vituo vya afya vya dayosisi, nauli ya mtu wa kubeba kinyama hadi maabara, na kipimo chenyewe. Fomu ina sehemu mbili mpya: saa kinyama kilipotoka mwilini, na saa kilipoingia kwenye chupa. Tunaomba zijazwe. Aidha, ombi lolote la fedha za dawa ya saratani litaambatana na majibu ya maabara, isipokuwa dawa za maumivu, ambazo hazisubiri karatasi yoyote.

Mstari ule kwenye taarifa

Sasa tumrudie mgonjwa aliyezua swali. Ni fundi ujenzi mstaafu, ana miaka sitini na miwili. Kinyama kilitolewa kwenye ini kwa sindano. Vipimo vyote, pamoja na nauli, vilikuwa chini ya bei ya ndama mmoja. Majibu yalisema ni saratani ya nyuroendokrini ya daraja la pili. Kipokezi cha projesteroni kimepotea kwenye sehemu kubwa ya seli. Kipokezi namba 2 cha somatostatini kipo kwa wingi.

Kwa maneno mengine, si ule ugonjwa ambao kila mtu anajua hauponi, wala si ule mpole tuliotamani. Daktari alimwambia wazi kwamba upasuaji hautaiondoa yote kwa kuwa imekwisha kufika kwenye ini, kwamba dalili moja inaonyesha huenda ikasogea kwa kasi kidogo, na kwamba kuna sindano yenye nafasi nzuri ya kuizuia kwa muda. Muda gani, hakusema.

Sindano hiyo ni ya kila mwezi, na bei yake si ya ndama. Kwa makisio yetu, Mfuko ukiibeba peke yake utakuwa mtupu kabla ya mavuno yajayo, na kuna wagonjwa wengine saba kwenye orodha. Familia imeahidi theluthi moja. Mgonjwa ameuza ng'ombe mmoja, na ameuliza kama dozi ya kwanza inaweza kuanza kabla ya mvua, wakati barabara bado inapitika. Suala hili ni ajenda ya tatu ya kikao kijacho cha kamati, na tumemwomba mzee wetu aliyeuliza swali awe ndiye atakayeliwasilisha. Amekubali, kwa sharti kwamba apewe nakala ya majibu ya maabara wiki moja kabla. Tumempelekea.